Daftari Langu na Beki Jaap Stam

Nilipomaliza kidato cha nne, timu ya mtaani kwetu ilinipa daftari niandike kila beki kapokonya mipira mingapi. Rafiki yangu, beki wa kati, akawa wa mwisho. Akaachwa. Kalamu ilikuwa yangu.

Hesabu hizi zina historia. Tarehe 18 Machi 1950, Charles Reep, mhasibu wa jeshi la anga la Uingereza, alichoshwa na mechi ya Swindon Town na Bristol Rovers, akatoa kalamu na kuanza kuandika kila shambulio. Kufikia miaka ya 1990 kazi hiyo ilikuwa biashara kamili.

Basi, Agosti 2001 Manchester United wakamwuza Jaap Stam, miaka 29, kwa Lazio, kwa zaidi ya pauni milioni 15. Baadaye ikasimuliwa kwamba takwimu zilionyesha anapokonya mipira michache kuliko zamani. Kocha Alex Ferguson mwenyewe alikuja kukiri kuwa alikosea. Mwaka 2005 jamaa alikuwa bado anacheza fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, safari hii na AC Milan.

Kumbe beki anayejua pa kusimama, washambuliaji hupita kwingine. Sasa atampokonya nani? Siku hizi kompyuta hufuata nyendo za mchezaji hata asipokuwa na mpira. Daftari langu halikuwa na safu hiyo.

Rafiki yangu aliacha kandanda. Bado sijamwomba radhi.