Kipimo cha Ncha ya Pembe: Baruti katika Bunduki za Tundu Dogo za Appalachia

Katika milima ya Appalachia, inayopita katika majimbo ya Pennsylvania, Virginia, North Carolina, Kentucky na Tennessee upande wa mashariki wa Marekani, mwindaji wa mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwa na vifaa vichache vilivyotoka dukani, na mojawapo ya vile alivyojitengenezea mwenyewe ni kipimo cha baruti, yaani kikombe chembamba kilichoning'inia kwa ukanda wa ngozi kwenye mkoba wake wa kuwindia. Kikombe hicho kilichongwa kwa ncha ya pembe ya kulungu, kwa mfupa, kwa mwanzi au kwa mti, na kwa kawaida hakikuandikwa tarakimu yoyote. Kukosekana kwa tarakimu hakukumaanisha kukosekana kwa usahihi, kwa kuwa kila kikombe kilitobolewa kwa ajili ya bunduki moja, na kilichotakiwa kwake ni kurudia kiasi kile kile kila mara, hata kama mwenyewe hakujua uzito wa kiasi hicho.

Bunduki iliyohusika ni ya jamii ya magobore, yaani silaha ambazo baruti na risasi huingizwa kupitia mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki, ambao ni ufito mrefu wa kusukumia. Magobore yaliyoenea Afrika Mashariki katika karne ya 19 kupitia biashara ya Zanzibar yalikuwa kwa kawaida na mtutu laini kwa ndani, uliopokea risasi au marisau bila kudai uangalifu mkubwa wa kiasi, ilhali mtutu wa bunduki ya Appalachia ulichongwa ndani mifereji inayojizungusha, ili risasi itoke ikizunguka na kushika njia yake kwa umbali mrefu. Chimbuko lake ni kazi ya wafua bunduki wenye asili ya Kijerumani waliokaa Pennsylvania, hasa Lancaster, katika karne ya 18, ambao walichukua bunduki fupi na nene za kuwindia za Ulaya ya kati, wakarefusha mtutu na kupunguza tundu hatua kwa hatua. Kadiri wanyama wakubwa walivyopungua na kindi akawa kitoweo cha kawaida, tundu lilizidi kupungua, mpaka bunduki za kaliba 0.32 na 0.36, yaani milimita 8.1 na 9.1, zikaenea milimani na kujulikana kama bunduki za kindi.

Faida ya tundu dogo ilikuwa ya kiuchumi. Uzito wa risasi ya mviringo hufuata mchemraba wa kipenyo chake, hivyo kipenyo kikipungua kidogo, madini yanayohitajika hupungua sana. Ratili moja ya Kiingereza, ambayo ni gramu 453.6, hugawanywa katika greni 7,000, na kwa greni hizo hupimwa risasi na baruti pia. Risasi ya bunduki ya kaliba 0.50 ina greni 177 hivi, kwa hiyo ratili moja ya madini hutoa risasi 40 tu, wakati risasi ya kaliba 0.32 ina greni 45 hivi, na ratili ile ile hutoa zaidi ya 150. Baruti nayo iliokolewa kwa namna hiyo, kwa kuwa greni 20 hivi zilitosha kumwangusha kindi, ambapo bunduki ya kulungu iliweza kutumia greni 70 au 80.

Lakini kiasi kilipopungua, nafasi ya kukosea ilipungua pia. Kosa la greni 5 katika kiasi cha greni 80 ni sehemu moja ya 16, ambayo mwindaji wa kulungu angeweza asiitambue, bali katika kiasi cha greni 20 kosa hilo ni robo nzima, na robo hiyo huibadilisha kasi ya risasi kiasi cha kuipandisha au kuishusha mbali na shabaha. Kwa mwindaji wa kindi, ambaye alilenga kichwa ili asiharibu nyama kidogo iliyokuwepo, tofauti hiyo ilimkosesha kitoweo, na ndiyo maana bunduki iliyotumia baruti kidogo kuliko zote ilidai kipimo makini kuliko zote.

Ugumu mwingine ulitokana na baruti yenyewe. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti, haikuwa na nguvu moja kila mahali, kwa sababu usafi wa shura, aina ya mti uliochomwa makaa na namna ya kusaga vyote vilitofautiana kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine. Milimani kwenyewe walikuwepo watengenezaji wadogo, na anayekumbukwa zaidi ni Mary Patton wa eneo la Watauga, ambalo leo ni sehemu ya Tennessee, anayetajwa kuwapatia wapiganaji wa ng'ambo ya milima ratili zipatazo 500 za baruti mwaka 1780, kabla ya mapigano ya Kings Mountain katika Vita vya Uhuru wa Marekani. Baada ya E. I. du Pont kuanzisha kinu chake kando ya mto Brandywine, Delaware, mwaka 1802, baruti ya kiwandani yenye chembe zilizochekechwa kwa ukubwa ilizidi kupatikana, na chembe ndogo, ambazo huungua upesi zaidi, zikapendelewa kwa matundu madogo. Hata hivyo, mwindaji aliyebadilisha baruti alilazimika kuijaribu upya bunduki yake, kwa kuwa kikombe hupima ujazo tu, na ujazo ule ule wa baruti nyingine haukuwa lazima ulete nguvu ile ile.

Majeshi yalikuwa yameshalitatua tatizo la kipimo kwa njia yao. Askari wa Ulaya wa karne ya 17 walivaa mshipi wenye vichupa vya mti, kila kimoja na baruti ya mlio mmoja, na waliowafuata walipewa viasi vya karatasi vilivyofungwa tayari pamoja na risasi, ambavyo waliving'ata kwa meno kabla ya kumimina. Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu bunduki za jeshi zilitengenezwa kwa mfano mmoja na matundu yake yakakaribiana. Bunduki ya mlimani ilitoka katika mikono ya fundi mmoja, tundu lake halikulingana kabisa na la bunduki nyingine hata ya fundi yule yule, na kwa sababu hiyo fundi aliikabidhi pamoja na kalibu yake, yaani chombo cha kusubia risasi zinazoienea bunduki hiyo.

Vipimo vya dukani navyo havikumfaa sana mwenye tundu dogo. Vibuyu vya shaba vyenye mdomo wa kupimia, kama vile vya kampuni ya James Dixon & Sons ya Sheffield, Uingereza, vilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya bunduki za marisau, na midomo yake ilipangwa kwa dramu, ambayo ni sawa na greni 27.3. Mdomo wa dramu 2 na nusu au 3 hutoa greni 68 au 82, yaani zaidi ya mara tatu ya kile kilichotakiwa na bunduki ya kindi.

Njia ya kuanzia ilikuwa kiganja. Mwanaelimu wa ndege John James Audubon, aliyeishi Kentucky na kuchapisha juzuu za Ornithological Biography kati ya 1831 na 1839, anaeleza humo mwindaji anayeiweka risasi mkononi na kuimiminia baruti kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti mpaka ifunikwe. Njia hiyo ina mantiki, kwa kuwa risasi kubwa hudai rundo kubwa, lakini kina cha kiganja na pembe ya mteremko wa rundo hubadilika, na kwa risasi ya kaliba 0.32 mabadiliko hayo madogo ndiyo hasa yaliyopaswa kuepukwa. Kwa hiyo kiganja kilitoa makadirio ya kwanza, kisha jaribio likafuata.

Kikombe kilitobolewa kwa makusudi kikiwa na ujazo mdogo, bunduki ikapigwa mara kadhaa kwenye ubao, kisha tundu la kikombe likachimbwa zaidi kidogo kidogo mpaka risasi ziangukie karibu karibu, na hapo kisu kikasimama, kwa maana pembe iliyokwisha kuchimbwa hairudishwi. Wengine walipiga juu ya theluji au kitambaa cheupe wakitafuta chembe ambazo hazikuungua, ambazo zilionyesha kuwa baruti imezidi uwezo wa mtutu kuiunguza. Ujazo uliohusika ni mdogo mno: greni 20 za baruti ni gramu 1.3, na kwa kuwa baruti nyeusi ina takriban gramu moja katika kila sentimita moja ya ujazo, tundu lenye upana wa milimita 8 huhitaji kina cha sentimita 2.6 hivi tu.

Ncha ya pembe ilipendwa kwa sababu ina kiini laini kinachochimbika na ganda gumu lisilofyonza unyevu haraka, na kwa sababu haitoi cheche ikigongana na chuma. Mwanzi ulikuwa na tundu tayari, ukihitaji kukatwa tu juu ya fundo, na mfupa wa bawa la bata mzinga ulitumika vivyo hivyo ukizibwa upande mmoja. Mdomo wa kikombe ulichongwa uwe mwembamba ili uingie katika tundu dogo la mtutu bila kumwaga baruti. Kikombe kilikuwa pia kinga, kwani baruti iliyomiminwa moja kwa moja kutoka kwenye pembe ingeweza kukutana na kaa lililobaki ndani ya mtutu, na moto ukapanda hadi kwenye pembe nzima iliyoko mkononi, ilhali kikombe kilihatarisha baruti ya mlio mmoja tu.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, risasi za ganda la shaba zilileta kikombe kipya. Viwanda vilikuwa na desturi ya kuzitaja kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa kaliba na ya pili greni za baruti nyeusi, kama .44-40 ya Winchester ya mwaka 1873 na .32-20 ya mwaka 1882, hivyo ganda tupu lilikuwa kipimo chenye ujazo unaojulikana kwa kukadiria. Wenye bunduki za zamani waliliunganisha na waya uliokuwa mpini, na kulipiga tupa kama lilizidi. Desturi ya tarakimu mbili ilipoteza maana pale baruti isiyo na moshi ilipoingia, kwani katika .30-30 ya mwaka 1895 tarakimu ya pili ilihusu baruti hiyo mpya, ambayo ikitiwa katika mtutu wa zamani huweza kuupasua.

Mashindano ya bunduki za kushindilia yaliyofanyika Portsmouth, Ohio, mwaka 1931, na kuundwa kwa chama cha kitaifa cha bunduki hizo mwaka 1933, vilirudisha ufundi huu mikononi mwa watu wakati wazee walioujua walikuwa bado hai. Siku hizi huuzwa vipimo vya shaba vyenye alama za greni, na kila mpigaji makini bado huanza chini na kupandisha kidogo kidogo, kwa kuwa alama humwambia ametia kiasi gani bila kumwambia bunduki yake inataka kiasi gani. Jibu la swali hilo la pili ndilo lililochimbwa katika ncha ya pembe, na kwa hiyo mkoba unapouzwa mbali na bunduki yake, kama inavyotokea mara nyingi katika biashara ya vitu vya kale, kikombe hubaki pambo na bunduki hupoteza matokeo ya majaribio ambayo hakuna aliyeyaandika popote pengine.