Mfuo wa Santuri na Chimbuko la Udhibiti wa Besi katika Muziki wa Kielektroniki

Mwanafunzi wa uchanganyaji wa sauti katika muziki wa kielektroniki hufundishwa mapema kwamba besi ikae katikati, yaani spika ya kushoto na ya kulia zitoe mawimbi yaleyale ya masafa ya chini. Kanuni hii aghalabu huelezwa kwa kurejelea sikio la binadamu, ambalo ndani ya chumba hubaini kwa shida upande inakotoka sauti nzito. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Insha hii inadai kwamba kanuni hiyo ilikazwa na mahitaji ya santuri, na kwamba mtafiti anayeichukulia kuwa sheria ya maumbile pekee huwafuta mafundi walioiunda.

Sindano ya kuchongea santuri hutikisika, na sauti nzito huhitaji mtikisiko mpana kuliko sauti nyembamba. Besi ikiachwa ilivyo, mifuo jirani huingiliana, au nafasi kati yake huongezwa na muda wa kucheza ukapungua. Ndiyo sababu mwaka 1954 chama cha kampuni za kurekodi nchini Marekani, RIAA, kilikubali mkunjo mmoja wa usawazishaji: wakati wa kuchonga, masafa ya hezi 20 hupunguzwa kwa takriban desibeli 19 yakilinganishwa na hezi 1,000, kisha kikuza sauti cha msikilizaji huyarejesha. Besi ya santuri za wazazi wetu, kwa hiyo, ilikuwa imenyimwa kwanza kiwandani na kulipwa baadaye sebuleni.

Stirio, iliyoingia sokoni kwa wingi kuanzia 1958, ilileta tatizo jingine. Sauti iliyo sawa katika pande zote mbili huchongwa kwa mwendo wa ubavuni, ilhali tofauti baina ya pande huchongwa kwa mwendo wa juu na chini. Besi inayotofautiana sana kati ya kushoto na kulia huufanya mfuo uwe na kina kisicho thabiti, na sindano huruka. Mafundi wakatumia kichujio kilichounganisha pande mbili chini ya masafa fulani. Hapa ndipo besi ilipofungwa katikati kwa sababu isiyohusu sikio hata kidogo.

Kisa cha Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika, aliyejulikana kama King Tubby, kinastahili uzito kuliko kinavyopewa kwa kawaida. Wanahistoria humtaja kama baba wa dabu. Ni nadra kusisitiza kwamba alikuwa fundi wa vifaa vya umeme, mmiliki wa mitambo ya kupigia muziki madansani, na mchongaji wa santuri katika studio ya Duke Reid. Aliifahamu besi katika ncha zote mbili: pale inapobanwa kwenye mfuo na pale inapotikisa uwanja. Meza yake ya kuchanganyia, iliyonunuliwa kutoka studio ya Dynamic, ilikuwa na kichujio cha kukata masafa ya chini kilichozungushwa kwa mkono. Kifaa kilichokusudiwa kusahihisha sauti yeye alikifanya ala: besi iliondolewa, wasikilizaji wakabaki wakiingoja, kisha ikarudishwa. Udhibiti ukawa sehemu ya utunzi.

New York ilifuata njia ya nafasi. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuza kwa umma santuri ya inchi 12 ya “Ten Percent” ya kundi la Double Exposure, iliyochanganywa upya na Walter Gibbons. Wimbo mmoja kwenye upande mzima uliruhusu mifuo kuachana, hivyo besi ikachongwa kwa nguvu zaidi.

Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotengenezwa kati ya 1980 na 1983, ilibadili swali lenyewe. Mlio wa ngoma yake kubwa ungeweza kurefushwa hadi ukawa besi, na sasa ngoma na besi zikagombea masafa yaleyale. Mbinu ya kuifanya kompresa ipunguze besi kila ngoma inapopigwa, ambayo leo ni ya kawaida katika muziki huu, inajibu mgogoro huo; haitokani na mfuo.

Mhakiki anaweza kupinga kwamba kanuni ya besi ya katikati imedumu kwa sababu ukumbi wa dansi unaihitaji. Pingamizi hilo lina nguvu. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na besi inayopishana kati ya pande mbili hujifuta yenyewe mahali fulani pa ukumbi. Hata hivyo, sababu ya kudumu kwa desturi si lazima iwe sababu ya kuzaliwa kwake. Diski ya CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 haikuwa na mfuo wa kulindwa dhidi ya kuruka kwa sindano. Lakini programu za leo za kutengenezea muziki zina kitufe cha kuunganisha besi ya pande mbili, nacho hubonyezwa hata kwa nyimbo ambazo hazitachongwa kwenye santuri kamwe.