Mashine Iliyogoma Baada ya Kuhamishwa

Tarehe 9 Novemba 1946 kompyuta ENIAC, iliyobuniwa na John Mauchly na J. Presper Eckert katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mjini Philadelphia, ilizimwa ili ifanyiwe matengenezo kisha ihamishiwe Aberdeen, Maryland, kwenye uwanja wa majeshi ya Marekani wa kujaribia silaha. Wala haikuwashwa tena ila tarehe 29 Julai 1947. Ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 30 na valvu za kioo zaidi ya 17,000, na mafundi wake walikuwa wamekwisha kung'amua kwamba valvu nyingi hufa zinapopata moto au zinapopoa, hata wakaona heri mtambo uachwe ukiwaka usiku kucha kuliko kuuzima. Basi fikiri ilivyokuwa mashaka kuuzima, kuufungua, kuupakia na kuuunga upya! Tangu enzi hizo, kompyuta iliyohamishwa ikagoma kuwaka imekuwa mtihani wa kwanza wa fundi, na hukumu yangu ni kwamba historia yote ya mtihani huu yafundisha jambo moja: aghalabu kilichoharibika si kiungo, bali ni maungano.

Taabu hiyo ilirithiwa na kompyuta za mezani. Ile ya IBM iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 ilikuwa na chipu za kumbukumbu zilizopachikwa safu kwa safu katika soketi, kila moja ikisimama juu ya miguu myembamba ya madini. Na kwa kuwa madini hutanuka yapatapo moto na kusinyaa yapoapo, chipu zilipanda kidogo kidogo katika soketi zao pasi na mkono wa mtu, hata siku mashine ikihamishwa kutoka chumba hiki kwenda kile, ule mguu uliokuwa umeshika kwa ncha tu ukaachia. Mwenyewe hudhani ameivunja, ilhali dawa yake ni kidole gumba: kuikandamiza kila chipu mpaka isikike ikiingia. Apple III, iliyotoka mwaka 1980, ilipatwa na masaibu ya jinsi hiyo, na wenye nayo wakapewa nasaha ya kuiinua inchi chache juu ya meza na kuiachia ianguke, ili chipu zirudi makaoni mwake. Nasaha ya ajabu, lakini yenye mantiki, maana mtikisiko uliozilegeza waweza pia kuzikaza.

Mwaka 1983 IBM ikatoa XT, yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na hatari ikawa ya namna nyingine. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani izungukayo kwa utando wa hewa tu, na sahani isimamapo kichwa hutua. Basi aliyeibeba mashine bila ya hadhari alikigongesha juu ya maandishi yake mwenyewe. Kwa minajili hiyo diski ya uchunguzi iliyoandamana na mashine ilikuwa na amri maalumu ya kuitayarisha kwa safari, ikivipeleka vichwa mahali pasipoandikwa kitu. Diski za baadaye zikajiegesha zenyewe umeme ukatikapo, na desturi ile ikasahauliwa.

Kilichobaki, na ambacho nakihesabu kuwa hidaya kubwa kwa mafundi, ni mlio. Mashine ya 1981 ilijikagua kabla ya kuanza kazi, ikatoa mlio mmoja mfupi kama yote ni salama, na mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi kama kadi ya picha ina kasoro. Waundaji waliofuata walijitungia milio yao, kwa hiyo fundi hana budi kujua bodi iliyo mbele yake ni ya nani. Lakini mwenye kusikiliza kabla ya kushika bisibisi hujiepushia kazi nyingi.

Hata leo safari hulegeza vitu vile vile. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, uitazame ramu, yaani kumbukumbu ya mashine, kwa karibu: ikiwa imekaa sawa, meno yake ya dhahabu hayaonekani na vishikizo vya pembeni vimeifumbata, lakini ikiwa upande mmoja umeinuka hata kwa unene wa ukucha, mashine itazungusha feni na kioo kitabaki cheusi. Kadi ya picha nayo, kwa uzito wake, huinama njiani na kujitoa katika mlango wake. Kuna pia plagi ndogo ya pini nne au nane iletayo umeme kwa prosesa, ambayo huachwa nje na wengi waunganishapo upya. Na waya wa kioo uliochomekwa kwenye bodi ilhali picha zinatoka kwenye kadi. Nasikitika sana nionapo bodi nzima imehukumiwa kuwa imekufa, na mwenyewe ametozwa bei ya mpya, kabla ya hayo kutazamwa.

Na kwa mashine kuukuu iliyovuka bahari kutoka Marekani hadi pwani yetu, tazama kwanza nyuma ya kisanduku cha umeme: mna swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, yenye 115 na 230. Ikisahauliwa kwenye 115, ikachomekwa katika umeme wa Mombasa au wa Dar es Salaam, kisanduku hulipuka papo hapo, na hapo kuchomoa na kuchomeka hakutafaa kitu.