Desturi ya Kurudia Mtihani Ukiwa Kwenye Orodha ya Kusubiri

Kila mwaka, kabla masomo hayajaanza Agosti au Septemba, wapo waombaji wa shule za biashara za Marekani ambao hawajakubaliwa wala kukataliwa. Wamewekwa kwenye orodha ya kusubiri, na wengi wao hurudi kwenye vitabu wakitafuta alama bora za mtihani wa GMAT. Wanaowatazama kwa mbali huona papara ya vijana wasiojua kungoja. Historia ya mtihani huo inaonyesha kwamba desturi hii ililelewa na shule zenyewe pamoja na waandaaji wa mtihani, na mwombaji anaitikia tu mwito wao.

Mwaka 1953 shule tisa za biashara, zikiwemo za Harvard, Columbia, Chicago na Michigan, zilishirikiana na ETS, shirika la kuandaa mitihani, kutunga mtihani mmoja wa kujiunga, nao ukaanza kufanyika mwaka 1954. Shida yao ilikuwa ya kweli: waombaji walitoka vyuo vilivyotoa alama kwa viwango tofauti, na kamati za udahili zilihitaji kipimo cha pamoja cha kukadiria nani angemudu masomo ya mwaka wa kwanza. Jina la GMAT lilikuja mwaka 1976. Katika enzi ya karatasi na penseli, mtihani ulifanyika kwa siku chache tu zilizopangwa kila mwaka, na majibu yalifika kwa posta baada ya wiki kadhaa. Aliyewekwa kwenye orodha mwezi Mei hakuwa na muda wa kutosha wa kurekebisha lolote.

Mambo mawili yalifungua njia ya kurudia mtihani. Mwaka 1997 mtihani ulihamia kwenye kompyuta, ukawa unafanyika karibu mwaka mzima, na mtahiniwa akatoka chumbani akizijua alama zake za awali. Pia, majarida kama U.S. News & World Report yaliuingiza wastani wa alama za wanafunzi wapya katika kuzipanga shule kwa ubora. Kuanzia hapo, alama ya mwombaji iligusa pia sifa ya shule. Kisha masharti ya mtihani yakalegezwa. Tangu 2014 mtahiniwa aliyekaa mbele ya skrini alionyeshwa alama zake na kupewa dakika mbili za kuamua kuzikubali au kuzifuta. Mwaka 2015 muda wa kungoja kabla ya kurudia ukapunguzwa kutoka siku 31 hadi 16, na alama zilizofutwa zikaacha kuonekana kwenye taarifa zinazopelekwa shuleni. Kurudia hakukuwa tena na aibu ya kuonekana.

Atakayepinga atasema kwamba shule humtazama mwombaji kwa ukamilifu wake: kazi, insha, mahojiano. Ni kweli, na Harvard iliacha kabisa kuudai mtihani huo mwaka 1985. Lakini katikati ya miaka ya 1990 iliurudisha, ishara kwamba kipimo cha pamoja ni kigumu kukiacha. Pingamizi la pili ni zito zaidi: ongezeko la pointi 20 linaweza kuwa bahati ya siku tu, na mwenye fedha za mwalimu wa ziada na ada za kurudia ana nafasi kubwa kuliko asiyenazo. Hili nalikubali, na lawama yake haimwangukii mwombaji. Kwa aliyekwama kwa sababu kamati ina shaka na hesabu zake, alama mpya ni ushahidi halali, tena ni mojawapo ya mambo machache yaliyobaki mikononi mwake. Kwa aliyekwama kwa sababu nyingine, ni gharama na uchovu bure. Kwa hiyo haki inadai shule imweleze kila anayesubiri, waziwazi na mapema, kama alama ndizo zilizomkwamisha. Shule inayofaidika na wastani unaopanda haina udhuru wa kumwacha abahatishe.