Zaid Asiyekuwa Mtu: Jina la Mfano katika Nahau na Fatwa

Anayesoma nahau ya Kiarabu, awe Fes, Kairo au Lamu, hukutana na Zaid mapema. Zaid amesimama, Zaid amempiga Amr. Mwananahau Sibawayhi wa Basra alikwisha kumtumia katika karne ya 8, na yumo pia katika Ajurrumiyya ya Ibn Ajurrum (aliyefariki 1323), ambayo madrasa za pwani yetu zinaisomesha hadi leo.

Ni rahisi kudhani kwamba jina hili liliteuliwa kwa heshima, kwa kuwa Zaid bin Haritha ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina katika Kurani (33:37). Dhana hiyo haisimami. Jina lilikuwapo kabla ya Uislamu: Adi bin Zaid, mshairi wa Hira, alikuwa Mkristo. Tena heshima gani hiyo ya kumfanya mtu apige wenzake kila somo?

Sababu imo katika irabu za mwisho. Zaid hupokea zote tatu pamoja na tanwini, yaani n ya mwisho: Zaidun akiwa mtenda, Zaidan akiwa mtendwa, Zaidin akitanguliwa na kihusishi. Umar, Ahmad na Ibrahim hukataa tanwini, na mahali pa kasra (i) huchukua fataha (a), hivyo hubaki na sura mbili tu. Mwalimu anayetaka kuonyesha mfumo mzima kwa neno moja fupi hawezi kuwatumia. Amr naye anafaa kama Zaid, ila huandikwa na wau isiyosomwa ili asichanganywe na Umar. (Walimu wana utani wao: wau hiyo Amr aliiba katika jina la Daud, ambalo huandikwa kwa wau moja badala ya mbili, na ndiyo maana anapigwa.)

Nje ya Kiarabu hoja ya irabu inakwisha, lakini Zaid haondoki. Katika fatwa za Waosmani, zikiwamo za Ebussuud Efendi, Sheikh-ul-Islam kuanzia 1545 hadi 1574, swali liliandikwa kwa Kituruki, na wadai waliitwa Zeyd, Amr na Bekr. Wanawake wakaitwa Hind na Zeyneb. Zainab ni miongoni mwa majina yanayokataa tanwini, na hapo hakuna aliyejali. Kazi ya jina imebadilika: linaficha wahusika halisi na kuifanya kesi iwe kanuni. Neno “fulani” lisingetosha, maana fulani akimkopesha fulani, msomaji hajui nani anadaiwa. Mufti alihitaji majina yanayotofautiana bila kumwelekea mtu yeyote.

Kiswahili nacho kina Juma wake wa vitabu vya sarufi. Lakini Juma hakuchujwa na lugha jinsi Zaid alivyochujwa. Kwa Kiarabu unaweza kumtanguliza Amran kabla ya Zaidun, na mpigaji akabaki Zaid. Geuza “Juma alimpiga Ali” iwe “Ali alimpiga Juma”, na kosa limehamia kwa mwingine. Viambishi a- na -m- havisaidii, kwani wote wawili ni wa ngeli moja. Mpangilio wa maneno ndio unaoamua, si umbo la jina. Mwandishi wa sarufi ya Kiswahili angeweza kumweka Ibrahimu au Chausiku, na sarufi isingepoteza kitu. Akiendelea na Juma, anafuata mazoea tu, kama makarani wa Istanbul walivyofuata ya Basra.