Mti Huhama, Udongo Hubaki

"Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani," wasema wahenga wa pwani. Methali hii ilizaliwa mahali ambapo mlango ni kitu cha kutazamwa. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mlango mzito wa msaji au wa mfenesi, wenye miimo iliyochongwa, mfaa uliosimama katikati na misumari ya shaba, ulitangaza hadhi ya mwenye nyumba kabla mgeni hajapiga hodi. Mafundi wa zamani waliusimamisha mlango kwanza, kisha kuta za mawe na chokaa zikajengwa kuuzunguka. Nyumba ilipokuja kuanguka, mlango uliweza kutolewa na kutiwa katika nyumba nyingine. Ndiyo sababu umri wa mlango si lazima uwe umri wa nyumba. Boriti za mikoko nazo zilikuwa na thamani ya namna hiyo. Upana wa chumba cha nyumba ya mawe, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi, uliamuliwa na urefu wa boriti. Na boriti nzima iliyotoka katika dari bovu haikutupwa.

Mambo haya wayajua watu wa visiwani. Yasiyosimuliwa sana kwao ni kwamba huko bara, katika nyanda kavu za kati, palikuwa na watu wengine waliojenga kwa kuzingatia kwamba siku moja watabomoa. Hao ni Wagogo na majirani zao, na nyumba yao huitwa tembe. Habari za tembe hilo, na za mbao zilizotoka ndani yake, ni sehemu ya historia ya Dodoma ambayo haimo katika mawe ya msingi yaliyozinduliwa na wakubwa.

Watu wa pwani waliliona tembe mapema. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo ilipanda milima ya Usagara, ikapumzika Mpwapwa, kisha ikaivuka nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali ndipo ikaingia Ugogo. Hapo watemi walitoza hongo, na maji ya visima yalikuwa na wenyewe. Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857, wakiwa na Sidi Mubarak Bombay katika msafara wao, na Stanley alipita mwaka 1871. Wote walikuta nyumba ndefu na za chini, zenye paa bapa la udongo, zilizopangwa pande nne kuuzunguka ua ambamo ng'ombe walilala. Nyumba za namna hiyo zilikuwa na lango moja tu la kuingilia. Usiku lilipofungwa, kaya nzima ilikuwa ngome: adui hakuwa na makuti wala nyasi za kutia moto, kwa kuwa udongo hauwaki.

Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili hawakulidharau umbo hilo. Walipoweka makazi Unyanyembe, karibu na Tabora, walijenga tembe kama wenyeji, lakini wakalipa mlango wa kwao. Nyumba ya Kwihara, ambamo Stanley na Livingstone walikaa pamoja mwaka 1872, ni ya aina hiyo: umbo lake ni la tembe, na milango yake imechongwa kwa mtindo wa pwani. Livingstone aliondoka humo mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwaka uliofuata Susi na Chuma na wenzao wakapita tena Unyanyembe wakiubeba mwili wake kwenda pwani. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho, na mgeni akisimama mbele yake huona mambo mawili yamekutana: udongo wa bara na mti uliochongwa kwa mkono wenye mazoea ya bahari.

Tembe la Mgogo wa kawaida halikuwa na nakshi hizo. Thamani yake ilikuwa katika mifupa. Kwanza zilisimamishwa nguzo zenye panda, yaani miti iliyogawanyika juu kama vidole viwili. Juu ya panda ililazwa miamba, juu ya miamba zikapangwa boriti nyembamba kwa ukaribu, kisha fito na nyasi, na mwisho udongo ukatandazwa na kushindiliwa. Kuta zilisukwa kwa miti na kukandikwa. Uzito wote wa paa ulibebwa na nguzo, si na kuta. Kwa hiyo ukuta uliweza kuporomoka kwa mvua ukakandikwa upya, na nyumba isianguke. Juu ya paa watu walianika mtama na uwele, wakaweka vibuyu.

Sasa na tufikiri juu ya mti wenyewe. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Katika nchi kama hiyo mti mgumu, ulionyooka, wenye panda mahali panapofaa na usioliwa na mchwa, haupatikani kila kichaka. Huhitaji miaka mingi kukua, na kazi ya siku nzima kuutafuta, kuukata na kuukokota. Udongo, kinyume chake, uko kila mahali. Basi katika tembe kitu cha bei kilikuwa mti, na kitu cha bure kilikuwa udongo.

Hesabu hiyo iliongoza kuhama. Wagogo ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, na kaya zao hazikuwa na mazoea ya kukaa mahali pamoja milele. Shamba lilipochoka, kisima kilipokauka, ng'ombe walipokosa malisho, ndugu walipogombana, au njaa ilipoingia, kaya ilitafuta mahali pengine. Ile njaa kubwa ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliwatawanya watu wengi kati ya miaka 1917 na 1920. Lakini hata katika miaka ya kawaida watu walihama. Kaya iliyohama kwa mpango haikuiacha nguzo nzuri ioze. Udongo wa paa uliteremshwa, boriti zikatolewa, nguzo zikang'olewa, na mti uliobaki mzima ukasimama tena mahali papya. Mti uliooza kwa chini uliweza kukatwa ukawa mfupi, ukafaa kwa zizi. Pale kaya ilipokuwa pakabaki kichuguu cha udongo mwekundu, na mvua chache zikakisawazisha. Msafiri aliyepita miaka kumi baadaye angeweza kusema kwamba watu hawa hawaachi majengo. Kumbe majengo wanayo, ila hawayaachi.

Kwa bahati ya historia, nchi hiyohiyo ilipata kuona pia namna ya Serikali ya kuacha majengo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikawa makao yake ya kwanza. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta ya kung'oa mibuyu na vichaka. Reli ya tawi ikajengwa. Nyumba, maghala na karakana zikasimama. Mvua haikuja kama ilivyopangwa makaoni London, na ardhi ilipokauka ikawa ngumu hata karanga zisiweze kuchimbwa. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na hasara ikafikia kiasi cha pauni milioni 36. Lakini mabaki ya Kongwa hayakufa. Mwaka 1964 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika nafasi ya kuweka kambi hapo. Wapiganaji wa FRELIMO walikuwapo, na wa ANC, SWAPO na MPLA. Wale wa ANC walianza na kituo cha reli kilichotelekezwa, wakajenga kuanzia hapo. Matofali na mabati yaliyoletwa kwa ajili ya mafuta ya karanga ya Uingereza yakawasitiri watu waliokuwa wakijiandaa kuung'oa ukoloni. Mabaki ya nyumba hayana itikadi, humtumikia anayeyaokota.

Miaka saba baadaye zamu ya tembe ilifika. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeitangaza siasa ya Ujamaa, na mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, iliyokusudia kuwakusanya watu wa mkoa katika vijiji. Sababu zilizotolewa hazikuwa za upuuzi. Njaa ilikuwa ikirudi mara kwa mara, na haikuwa rahisi kupeleka maji, shule na zahanati kwa kaya zilizotawanyika nyikani. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe aliweka kambi Chamwino na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji. Nyumba bora iliyohubiriwa ilikuwa ya tofali, yenye madirisha, iliyopangwa kwa safu. Tembe likahesabiwa kuwa alama ya unyonge na giza.

Hapa ndipo penye jambo linalostahili kutazamwa kwa makini. Kaya iliyohama kwa hiari ilichagua majira, ikachagua mahali, ikang'oa nguzo moja baada ya nyingine kwa nafasi yake. Kaya iliyohamishwa kwa operesheni ilipangiwa siku na kiwanja. Katika sehemu mbalimbali za nchi, vijiji vilipofanywa kuwa amri kwa wote baada ya Novemba 1973, nyumba za zamani zilichomwa au zikaezuliwa ili wenyewe wasirudi. Mbao zilizoachwa nyuma hazikuwa na wa kuzisubiri isipokuwa mchwa na mwokota kuni.

Lakini hasara kubwa zaidi haikuwa ya mbao zilizobaki njiani. Ilikuwa ya zile zilizofika. Ukuta wa tofali hubeba paa wenyewe. Hauhitaji nguzo ya panda. Paa la bati hutaka mbao nyepesi zilizopasuliwa kwa msumeno, si boriti za mviringo zilizobanana. Tembe lilikuwa na ua katikati, ng'ombe wakiwa ndani na kila mke akiwa na nyumba yake ubavuni. Kiwanja cha kijiji kilikuwa mstari, na zizi likawekwa nje. Hivyo mtu aliyefika na nguzo za babu yake begani alikuta nyumba mpya haina mahali pa kuzisimamisha. Mti ulikuwa mzima, mkono ulioujua ulikuwa mzima, ila ramani iliyoufanya uwe nguzo ilikuwa imeondolewa. Nguzo ikawa uzio wa mbuzi, ikawa kigogo cha kukalia, ikawa kuni ya kuchomea matofali.

Kuni ya matofali ni jambo la kukumbukwa. Tanuri la kuchoma matofali hula miti mingi kwa siku chache, na majivu yake hayahamishiki. Nguzo ya tembe ilikatwa mara moja ikatumika katika nyumba mbili au tatu. Katika mwaka huohuo wa 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa sababu mmomonyoko ulikuwa umeila nchi, hasa Kondoa; na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi huko. Mmomonyoko ulikuwa na sababu nyingi, na baadhi zilikuwa za kale kuliko vijiji. Hata hivyo ni ajabu kwamba wataalamu waliwafundisha watu wa nyanda za kati kuutunza mti wakati uleule ambapo nyumba iliyojua kuutumia mti mara mbili ilikuwa ikiondolewa kama aibu.

Mwaka 1973 pia ndio uliopitishwa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na mamlaka ya kuustawisha mji mkuu ikaundwa. Uhamisho wenyewe ulichukua muda mrefu. Serikali ilianza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, na mamlaka ile ikavunjwa mwaka 2017. Tarehe 20 Mei 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Ikulu mpya ya Chamwino, palepale Mwalimu alipofyatua matofali. Jengo hilo lina sura inayofanana na Ikulu ya Dar es Salaam, ile iliyojengwa upya mwaka 1922 baada ya nyumba ya Wajerumani kupigwa mizinga na Waingereza mwaka 1914. Serikali ilipohama pwani, nayo ilichukua kitu cha nyumba yake ya zamani. Haikubeba jiwe wala boriti. Ilibeba umbo, na waliolitazama walijua kwamba wamefika mahali pageni bila kuacha kuwa wao.

Hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Ndivyo binadamu wote wafanyavyo wakihama. Ila ni haki ileile ambayo kaya za mwaka 1971 hazikupewa. Wao walibeba mti wakanyimwa umbo.

Katika Kiswahili mlango si mbao tu. Watu wa mlango mmoja ni watu wa ukoo mmoja, waliotoka katika nyumba moja hata kama nyumba yenyewe haipo tena. Pwani maana hiyo imebahatika, maana milango ya zamani inaonekana, inapigwa picha, na inatajwa kwa umri wake. Nyanda za kati hazina bahati hiyo. Tembe zimebaki chache, na kijana wa Mvumi au Bahi anayejenga leo hutaka saruji na bati, naye ana haki ya kutaka hivyo.

Reli mpya ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mtu wa visiwani aweza sasa kuvuka bahari asubuhi na kulala Dodoma usiku. Akitembelea kijiji, asitafute nyumba ya kale, huenda asiione. Atazame zizi la mbuzi nyuma ya nyumba ya tofali. Akiona nguzo nyeusi kuliko wenzake, yenye panda juu isiyoshika kitu, na alama ya mwamba uliowahi kuilalia, amwulize mzee wa nyumba ilitoka wapi. Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa jina la mahali, na la pili litakuwa jina la mtu.