Taa za chini ya maji katika mabwawa ya kuogelea

Taa za chini ya maji ni taa za umeme zinazofungwa kwenye kuta za bwawa la kuogelea, hasa katika hoteli, shule na majengo ya makazi. Mwili uliolowa hupitisha umeme kwa urahisi. Hata mkondo mdogo unaweza kukaza misuli ya mwogeleaji hadi azame. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-7-702 huruhusu ndani ya bwawa volti zisizozidi 12 za mkondo geu au 30 za mkondo mnyoofu. Transfoma ya usalama, inayotoa volti hizo ndogo, kwa kawaida huwekwa mbali na maji. Ngazi, nondo na vyuma vingine vya karibu huunganishwa kwa waya ili visitofautiane kwa volti. Mwogeleaji akipigwa na umeme, swichi kuu huzimwa kwanza. Mwokoaji asijitose kabla ya hapo.